Sikukuona, Mama Mdogo



Juma lililopita nilikuwa na safari ya Kibaha, na kutoka Kibaha nikaenda Kisarawe. Jambo lililonipeleka halina faida kwenu. Ni habari ya mirathi ya shamba la minazi, na wale waliowahi kufuatilia mirathi wanajua kwamba ukiambiwa njoo kesho, kesho hiyo ina wajukuu. Basi katika kungoja huko na huko niliona na kusikia mambo ambayo ndiyo nataka tuyazungumze leo. Yanahusu namna sisi wanaume, na si wanaume peke yetu, tunavyoweza kumtazama mwanamke kuanzia juu hadi chini, tukamaliza, na tusiwe tumemwona.

Asubuhi ya siku ya kwanza nilikuwa Maili Moja. Soli ya kiatu changu cha kushoto ilikuwa imeachia, nikakaa kwenye benchi la fundi viatu kando ya barabara ya Morogoro. Anayepajua mahali pale anajua shughuli zake: mabasi ya bara yanapita, bodaboda wamejipanga, wauza korosho na maji ya chupa wanakimbilia madirisha, wapiga debe wanaita. Karibu yetu walisimama vijana watano au sita, na mchangamfu wao alikuwa mmoja mwenye kofia nyekundu.

Upande wa pili wa barabara, kwenye duka la dawa, akatoka mwanamke kijana. Alivaa gauni refu la kitenge na mtandio kichwani, mkononi ana bahasha ya kaki. Natangulia kuwaeleza mavazi yake kwa sababu najua kuna mtu hapo nyumbani ameshaanza kuuliza. Alipoanza kuvuka tu, yule wa kofia nyekundu akapiga mluzi. Akasema mzigo umetoka bandarini, nani atapakua. Wa pili akajibu kwamba mzigo kama ule unataka winchi. Wa tatu akaendelea kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia redioni saa hizi, watoto hawajalala. Walimtaja kipande kwa kipande, kama watu waliosimama mbele ya bucha wakichagua paja au mbavu.

Nami niseme kweli yangu. Nilicheka. Hakikuwa kicheko kikubwa. Kilikuwa kile cha puani, cha mtu mzima anayetaka vijana wajue kwamba hajazeeka sana. Fundi naye alicheka huku uzi uko mdomoni.

Yule mwanamke alivuka barabara, akaja moja kwa moja upande wetu, akasimama mbele ya yule wa kofia nyekundu na kusogeza mtandio. Kijana akaivua kofia upesi kama aliyeingia msibani.

“Lo! Mama mdogo! Shikamoo.”

“Marahaba.”

“Samahani mama mdogo, wallahi sikukuona.”

Mnajua udugu wetu ulivyo. Binti wa miaka ishirini na kitu anaweza kuwa mama mdogo wa kijana wa umri uleule, na shikamoo yake ni haki yake. Binti akamtazama usoni, wala hakupandisha sauti. Akasema, “Hukuniona? Tangu nimetoka pale duka la dawa unaniimbia. Sasa ulikuwa unamwona nani?” Akageuka, akapanda daladala, akaenda zake.

Neno hilo, ndugu wasikilizaji, limekaa nami juma zima. Kijana hakusema uongo. Alikuwa ameyakaza macho yake kwa mtu yule kwa hatua zipatazo mia moja, hakupepesa, na bado hakumwona. Kama angetumwa na polisi aeleze ni nani aliyevuka barabara, angeweza kueleza sehemu mbili tatu za mwili, lakini uso asingeukumbuka, na bahasha asingejua kama ilikuwapo. Nilifikiri baadaye kwamba mwanamke atokaye duka la dawa na bahasha ya kaki pengine ana mgonjwa nyumbani, au mgonjwa ni yeye. Hilo halikumpitia mtu yeyote pale kwenye benchi, pamoja na mimi mwenye mvi.

Wataalamu wa saikolojia wana jina refu la jambo hili. Kwa lugha yetu tuseme tu ni kumfanya mtu kitu. Wamelipima kwa namna ambayo, kwangu mimi, inamweleza yule kijana vizuri kuliko hotuba nyingi. Mwaka 2012 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska huko Marekani, Sarah Gervais, na wenzake walitoa matokeo ya majaribio yao. Waliwaonyesha watu picha za wanaume na wanawake wa kawaida, wamevaa nguo zao. Kisha wakawauliza: katika picha hizi mbili, ipi ni ya yule uliyemwona? Mara nyingine walionyeshwa mwili mzima, mara nyingine kipande chake tu. Ubongo wetu una njia mbili za kutazama. Uso wa mtu tunautazama kwa ujumla wake, ndiyo maana unamtambua jirani yako hata akinyoa ndevu. Nyumba au gari tunaweza kulitambua kwa kipande, mlango au taa. Ikaonekana kwamba mwili wa mwanamume ulitambuliwa vizuri zaidi ukiwa mzima. Wa mwanamke, zile sehemu ambazo vijana wa Maili Moja walikuwa wanazitangaza zilitambuliwa vizuri zaidi zikiwa zimekatwa peke yake. Kwa maneno mengine, mwanamume alitazamwa kama mtu na mwanamke alitazamwa kama nyumba.

Na msishangilie upesi, akina mama. Katika majaribio yale wanawake nao waliwatazama wanawake wenzao vivyo hivyo. Kina dada wa saluni wanajua nasema nini. Mwanamke anapoingia harusini wa kwanza kumgawa vipande huwa ni mwanamke mwenzake: nywele hizi, mguu ule, kiuno kimetoka dukani.

Lakini lilikuwapo jambo jingine ndani ya utafiti huo ambalo limenipa faraja kidogo. Watafiti waliwapa baadhi ya watu zoezi dogo la macho kwanza, la kutazama herufi kubwa iliyoundwa kwa herufi ndogo ndogo, wakatakiwa waisome ile kubwa. Yaani macho yalizoezwa kidogo kutazama kitu kizima. Baada ya hapo ule ugonjwa wa kuona vipande ulipungua. Kwa hiyo hatukuzaliwa na macho ya bucha yasiyoweza kubadilika. Ni mazoea, nayo mazoea huwa na mwalimu.

Mwalimu huyo ni nani? Nirudi kwenye kile kicheko. Nilipokaa pale zaidi ya saa moja nikingoja gundi ikauke, nilimchunguza yule wa kofia nyekundu. Wenzake walipokuwa wameondoka kwenda kunywa chai, walipita wanawake wanne mbele yake. Hakupiga mluzi hata mmoja. Mmoja alimuuliza gari la Mlandizi, akamwonyesha kwa adabu kabisa. Wenzake waliporudi, mluzi nao ukarudi. Basi niliona kwamba mluzi ule haukuwa unapigwa kwa ajili ya mwanamke. Hakuna mwanamke aliyewahi kupigiwa mluzi barabarani akageuka kusema nimekubali, twende kwa wazee. Kijana anajua hivyo. Mluzi unapigiwa wanaume wenzake, ili wajue kwamba na yeye yumo. Mwanamke ni ngoma tu, anapigwa ili watu wengine wacheze. Nasi watu wazima tunaokaa kando na kucheka puani ndio tunaotoa tuzo.

Ukimsikiliza kijana huyo mchana kutwa utajua pia kwamba mwenyewe anaitwa kwa vipande. Utingo anamwita “wewe kofia”, dereva anamtupia sarafu bila kumtazama, mgambo anamkimbiza. Sisemi hili kumtetea. Nasema mtu asiyeonwa na yeyote hutafuta wa chini yake wa kutomwona, na katika barabara ile aliye chini yake ni yule anayevuka peke yake akiwa na bahasha.

Sasa lipo suala la mavazi. Kila ninapogusa mada za namna hii napata barua. Msikilizaji mmoja aliwahi kuniandikia kwamba wanawake wakijisitiri haya yote yatakwisha. Nilijibu kwa kifupi wakati ule, leo niongeze. Nchi hii tumeshalijaribu jambo hilo. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua, ianze kazi tarehe 1 Januari 1969. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, Oktoba 1968, makundi ya vijana yaliwavamia wanawake Kariakoo, wakawashusha kwenye mabasi na kuwachania nguo. Tafakarini hapo. Mtu anasema anachukizwa na mwili wa mwanamke kuonekana, na dawa anayoitumia ni kumvua nguo mbele ya umati. Majirani zetu wa Kenya waliyaona hayohayo Novemba 2014, wanaume walipomvua nguo mwanamke kituoni Nairobi kwa madai kwamba hakuvaa vizuri, mpaka wanawake wakaingia barabarani tarehe 17 ya mwezi huo kuandamana. Yule anayepiga mluzi na yule anayechana sketi hudhani wao ni maadui. Mimi naona ni ndugu wa tumbo moja, maana wote wawili wanaamini mwili ule umewekwa pale kwa ajili yao kuusemea.

Na gauni la kitenge la mama mdogo lilifika kwenye vifundo vya miguu. Niliwaambia.

Mwandishi wa barua hiyo aliuliza pia kama basi hata kupenda ni dhambi. Swali zuri. Mwanamume kumwona mwanamke akavutwa naye si kosa, na kama lingekuwa kosa hakuna ambaye angekuwa anasikiliza redio hii usiku wa leo. Mwanafalsafa Immanuel Kant wa Ujerumani aliliweka jambo hili vizuri zaidi ya miaka mia mbili iliyopita: ubaya unaanza pale unapomtumia mtu kama chombo tu cha haja yako, ukasahau kwamba naye ana haja zake. Aliyependa hutaka kujua jina, hutaka kujua kama amekula, hukasirika akidharauliwa. Anayetaka kitu hana haja na jina. Ndiyo maana kwenye vijiwe jina halitajwi, utasikia mzigo, kifaa, chombo, mali.

Tena tusiwaonee vijana. Maneno tumewarithisha sisi. Katika Kiswahili mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, kama mlango unaofungwa na nyama inayochomwa. Wazee wetu walituachia methali isemayo mke ni nguo, mgomba kupalilia, na tunaitoa kwenye harusi mbele ya bibi harusi mwenyewe, akiwa amekaa kimya. Maana yake ni kumhimiza mume atunze, naelewa. Lakini sijasikia harusi hata moja ambapo mume aliitwa nguo.

Siku ya tatu nilirudi mjini Dar es Salaam, nikapanda gari la Gongo la Mboto na kutoka hapo la Kisarawe, tukapita vilima vya Pugu. Wenyeji wangu walinipeleka kwa bibi mmoja anayelijua shamba lile na mipaka yake. Baada ya mipaka kwisha, na kahawa ikiwa bado ipo, nilimweleza kisa cha Maili Moja. Bibi yule ni Mzaramo, amewahi kuwa somo wa wali wengi. Alicheka sana pale kwa mama mdogo. Kisha akanyamaza, akaniuliza kama naijua mwana hiti.

Nilikuwa nimeiona tu kwenye picha. Ni kinyago kidogo cha mti ambacho mwali wa Kizaramo alipewa alipowekwa ndani baada ya kuvunja ungo. Ukikitazama kinashangaza: kina kichwa chenye nywele zilizogawanyika, kina kiwiliwili, matiti na kitovu, lakini hakina mikono wala miguu. Leo vinyago hivyo viko kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, nyuma ya vioo. Marja-Liisa Swantz, mtafiti wa Kifini aliyekaa na Wazaramo miaka ya 1960 na kuandika kitabu juu ya mila zao mwaka 1970, ameeleza mengi juu ya mambo ya wali. Lakini bibi hakuhitaji kitabu. Alinieleza kwamba mwali alikiogesha kile kinyago, alikipaka mafuta, alikibeba na kukilaza kama mtoto. Ukikitupa ovyo, wazee walikuonya kwamba na wewe hutapata mtoto. Kilipitishwa kutoka kwa mama hadi kwa binti, hakikununuliwa.

“Sasa angalia,” akasema, “sisi tulipewa kijiti hakina mkono hakina mguu, tukaambiwa huyu ni mtu, umtunze. Huyo kijana wako amepewa mtu mzima ana mikono ana miguu, anasema mzigo.”

Sikuwa na jibu, nikajaziwa kikombe.

Msije mkadhani nataka turudi kwenye utawa. Bibi mwenyewe hataki. Aliwekwa ndani kwa muda mrefu sana, alitoka mweupe kwa kukosa jua, akachezewa ngoma, akaonyeshwa watu na kuozwa kwa mtu ambaye hakumchagua. Shule aliisikia kwa majirani. Kumficha msichana na kisha kumtoa apimwe kwa macho ya watu nako kuna harufu ya kumfanya kitu, ingawa ni kitu cha thamani. Ila alichonionyesha ni kwamba walikuwapo watu wazima waliochukua miezi mingi kumfundisha msichana maana ya mwili. Na mvulana? Jando limebaki hospitali, dakika chache na vidonge vya maumivu. Yale mafundisho yaliyokuwa yakienda nalo hayakuhamia popote. Mvulana wa leo amefundishwa mwili wa mwanamke na simu yake, na walio ndani ya simu hawana jina, hawana mama, hawana bahasha ya kaki. Wamekatwa vipande kabla hajawaona.

Kisarawe hiyohiyo ilitupa somo jingine miaka michache iliyopita. Julai 2018 aliteuliwa Mkuu wa Wilaya, Jokate Mwegelo, ambaye mwaka 2006 alishika nafasi ya pili katika Miss Tanzania. Nakumbuka vijiwe vya wakati ule. Hakuna aliyeuliza atafanya nini na maji au barabara za Maneromango. Mazungumzo yalikuwa juu ya sura na kimo. Katika muda wake pale alianzisha kampeni ya Tokomeza Zero, ya kuwaondoa wanafunzi wa sekondari katika daraja sifuri, na ikachangishwa fedha ya shule ya sekondari ya wasichana. Mtu anaweza kupenda kazi zake au asizipende, hiyo ni haki ya mwananchi. Ninachosema ni kwamba Mkuu wa Wilaya mwanamume hupimwa kwa kazi kuanzia siku ya kwanza, mwanamke hungojewa mpaka watu wachoke kumtazama. Mashindano yenyewe ya urembo yaliyokatazwa mwishoni mwa miaka ya 1960, yakarudi mwaka 1994, yametuzoesha kukaa kwenye viti na kuwapa wasichana maksi, nayo si somo ambalo mtu huliacha ukumbini.

Barabarani ni kelele tu, lakini kiti nacho kina macho yake. Mwaka 2008 Deborah Gruenfeld na wenzake, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba mtu akipewa madaraka, au hata akikumbushwa tu wakati aliokuwa na madaraka, huanza kuwapima wengine kwa faida wanayompa, awe mwanamume au mwanamke. Mwenye cheo hamwoni tena mfanyakazi, anaona kitu cha kumfikisha anakotaka. Na kama anakotaka ni chumbani, basi mwombaji wa kazi au mwanafunzi anayedai maksi zake hugeuka ufunguo au kitasa. Sisi tuna jina la jambo hili, rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitaja kuwa ni kosa katika kifungu cha 25. Mpiga debe hana mtihani wa kusahihisha. Ana mluzi tu. Anayestahili kuogopwa zaidi huenda anavaa tai na anasali.

Najua wapo mnaosema ni mambo madogo, mluzi haujamvunja mtu mguu. Wanaosikiliza wenye umri wangu watakumbuka Februari 1990. Levina Mukasa alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pale Mlimani kulikuwa na kundi likijificha chini ya jina la Punch, likibandika ukutani michoro na maandishi yasiyo na jina la mwandishi, na hasa likiwaandama wasichana waliokataa kutongozwa. Levina aliandamwa hadi akajitoa uhai. Waliomwandama walikuwa wasomi, wenye kuchaguliwa miongoni mwa maelfu, na nina hakika wengi wao walikuwa wanacheka tu, kile kicheko cha puani. Kifo chake kiliwaamsha wengi. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa 1987, na wengine walipiga kelele miaka ile yote mpaka ikapatikana Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ambayo iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kosa la udhalilishaji wa kijinsia, hata wa maneno na vitendo tu. Kwa hiyo kile kilichofanyika mbele yangu Maili Moja kina jina mahakamani. Sijui kama mpiga debe yeyote amewahi kuambiwa hivyo, na mimi niliyekuwepo sikumwambia.

Madhara mengine hayafiki polisi. Mwaka 1998 Barbara Fredrickson na wenzake huko Marekani waliwaomba wanafunzi wa chuo wajaribu nguo kwenye chumba chenye kioo. Baadhi walipewa sweta, wengine vazi la kuogelea. Wakiwa bado wamevaa hivyo wakapewa mtihani wa hesabu. Wasichana waliovaa vazi la kuogelea walipata maksi chache kuliko wenzao wa sweta. Wavulana hawakudhurika. Na ndani ya chumba kile hakukuwa na mtu anayewatazama. Macho ya watu yalikuwa yamekwisha kuhamia ndani ya vichwa vyao. Nusu ya akili ilikuwa inafanya hesabu na nusu inajikagua. Nilipolisoma hilo niliwawaza wasichana wa shule wanaosimama alfajiri kando ya barabara ya Morogoro kungoja daladala, wakiitwa majina na makonda, wakiahidiwa lifti na chipsi. Halafu saa mbili mwalimu anaandika hesabu ubaoni na kuuliza kwa nini hawako makini. Na dada zao wakubwa wananunua mkorogo wenye zebaki iliyopigwa marufuku, wajipake usoni, kwa sababu wameshasikia ni kipande gani chao kina bei.

Jana yake kabla ya kurudi nyumbani nilipita tena Maili Moja kukichukua kiatu. Yule wa kofia nyekundu alikuwepo, kofia ameigeuza nyuma. Nikamwita, akaja. Nikamuuliza habari za mama mdogo.

“Mzee, bora angenipiga kofi,” akasema. “Hajasema nyumbani. Kila mama akinipigia simu moyo unaruka, najua leo ndiyo leo. Hajasema. Na bahasha ile ilikuwa ya vipimo vya bibi yangu mimi, alimpeleka Tumbi. Alikuwa anatoka kunifanyia kazi yangu.”

Nikamwambia sawa, huyo ni mama yako mdogo. Na wale wengine, ambao si mama zako wadogo?

Alifungua mdomo anijibu, na basi la kutoka Morogoro likaingia. Akakimbia na wenzake mlangoni. Abiria wakaanza kushuka, wengi wao wanawake na mizigo yao. Wenzake wakaanza kuita. Yeye nikamwona amesimama kimya kwenye ngazi, anatazama nyuso za wanaoshuka, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

Fundi akanikabidhi kiatu, akatema uzi. “Anaogopa shangazi zake,” akasema. “Wako wawili, wanakaa Chalinze.”